Faili la Fred Sanger: kurasa 5, marejeleo 65,335

Kamati inayokaa kupima kazi ya mtafiti huanza na karatasi mbili. Ya kwanza ni orodha ya makala alizochapisha. Ya pili ni hesabu ya mara ambazo makala hizo zimerejelewa na watafiti wengine. Barua za wanaomfahamu, wanafunzi aliowalea, hali ya maabara yake, vyote huja baadaye, wajumbe wakiwa wameshaanza kutazama saa.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha Frederick Sanger, mwanakemia wa Cambridge, Uingereza, aliyewapa wanabiolojia ya molekuli njia ya kuisoma DNA. Jina lake hutolewa kila mabishano juu ya takwimu za utafiti yanapopamba moto, na hutolewa kwa namna ileile: alichapisha kidogo, akawa mkubwa, basi takwimu hazina maana. Ukilipitia faili lake mwaka hadi mwaka unaona hadithi hiyo imekatwa vibaya. Takwimu zake zipo, na moja kati yake ni kubwa kupindukia. Ila zilikuja wakati hakuna tena aliyezihitaji, na zilihesabu jambo jingine kabisa, siyo lile ambalo kamati hudhani inalihesabu.

Kabla ya DNA

Sanger alizaliwa tarehe 13 Agosti 1918 katika kijiji cha Rendcomb, Gloucestershire, mtoto wa daktari, katika familia ya madhehebu ya Quaker. Vita Kuu ya Pili ilipoanza alikataa kushika silaha kwa sababu ya imani yake. Akabaki Cambridge, na mwaka 1943 akapata shahada ya uzamivu kwa utafiti juu ya asidi amino iitwayo lisini. Wazazi wake walikuwa wamefariki na familia ilikuwa na uwezo, hivyo hakulazimika kumpigia mtu magoti kwa ajili ya ufadhili. Msomaji aliweke hilo pembeni, nitalirudia.

Kazi iliyofuata ilikuwa insulini, mojawapo ya protini chache ambazo wakati ule mtu aliweza kuzipata zikiwa safi. Mwaka 1945 alichapisha makala juu ya kitendanishi kinachoshika ncha ya mnyororo wa protini na kuitia rangi ya manjano, ili ncha hiyo itambulike hata mnyororo wote ukivunjwavunjwa. Mwaka 1951, yeye na Hans Tuppy wakatoa mfuatano, yaani mpangilio wa asidi amino moja baada ya nyingine, wa mnyororo B wenye asidi amino 30. Mwaka 1953, yeye na E. O. P. Thompson wakatoa wa mnyororo A wenye 21. Kufikia 1955 viunganishi vya salfa kati ya minyororo hiyo vilikuwa vimejulikana, na kwa mara ya kwanza binadamu alikuwa ameisoma protini nzima. Tuzo ya Nobel ya kemia ikamjia mwaka 1958, akiwa na miaka 40.

Sehemu hii haina utata. Kamati ya zama zozote ingempitisha kijana huyu bila kubishana. Utata unaanza baadaye.

Faili la 1976

Tulifungue faili mwanzoni mwa mwaka 1976. Mhusika ana miaka 57, na atastaafu akifikisha 65. Anafanya kazi katika Maabara ya Biolojia ya Molekuli ya Baraza la Utafiti wa Tiba, alikohamia ilipofunguliwa mwaka 1962, na hana madaraka yoyote makubwa ya utawala kwa sababu hayataki. Anashika mirija kwa mikono yake. Aliwahi kuandika kwamba utafiti una shughuli tatu, kufikiri, kuzungumza na kutenda, na kwamba yeye huipenda zaidi hiyo ya mwisho.

Tangu Nobel, faili lina nini? Kuna kazi ya kutumia fosforasi yenye mionzi kuweka alama mahali ambapo vimeng'enya hufanyia shughuli yao, ikiwemo makala ya 1961 pamoja na César Milstein. Kuna njia ya mwaka 1965 ya kutenganisha vipande vya RNA, molekuli ndugu ya DNA, kwenye karatasi kwa pande mbili. Kuna mfuatano wa RNA ya ribosomu aina ya 5S kutoka kwa bakteria E. coli, nukleotidi (yaani herufi) 120, uliochapishwa mwaka 1967. Halafu kuna njia ya kusoma DNA iliyopewa jina la "kujumlisha na kutoa", iliyochapishwa mwaka 1975 pamoja na Alan Coulson. Kazi ni nzuri, lakini mjumbe mwenye jicho kali atanong'ona kwamba katika mbio hizi mtu wetu amekuwa wa pili. RNA ya kwanza kusomwa nzima ilikuwa ya Robert Holley wa Cornell, nukleotidi 77, mwaka 1965, na Holley akapata Nobel mwaka 1968. Jenomu (jumla ya maandishi yote ya kurithi) ya kwanza kusomwa nzima, ile ya RNA ya virusi MS2 yenye nukleotidi 3,569, inakamilishwa mwaka huohuo wa 1976 na kundi la Walter Fiers kule Ghent, Ubelgiji.

Sanger mwenyewe hakuificha hali hiyo. Akikumbuka miaka iliyofuata insulini alisema ilikuwa myembamba, isiyo na mafanikio makubwa, na kwamba dawa aliyoiona ni kuendelea kutazama mbele na kuanza jaribio linalofuata badala ya kulilia lililoharibika. Kwetu tungeiita miaka ya kiangazi.

Ambacho hakimo ndani ya faili la 1976 ni rundo la filamu za eksirei zenye vivuli vya vipande vya DNA ya virusi mdogo anayeishi ndani ya bakteria, aitwaye phiX174. Filamu hazihesabiwi. Hakuna safu ya orodha inayosema: "karibu atamaliza."

Mwaka mmoja

Februari 1977, Sanger na wenzake wanane walichapisha katika jarida la Nature mfuatano wa phiX174, jenomu ya kwanza ya DNA kusomwa yote, nukleotidi 5,375. Ndani yake kulikuwa na kioja. Virusi huyu ana jeni zilizolaliana: herufi zilezile za DNA husomwa kwa mianzo miwili tofauti na kutoa protini mbili tofauti. Jeni E imo ndani ya jeni D, na B imo ndani ya A. Hakuna aliyekwenda kulitafuta jambo hilo. Lilijitokeza kwa sababu mtu alisoma kila herufi.

Mwezi huohuo, Allan Maxam na Walter Gilbert wa Harvard walichapisha njia yao ya kusoma DNA kwa kuikata kwa kemikali. Kwa mara nyingine ilielekea Cambridge ingepitwa.

Desemba 1977 ikatoka makala ya kurasa 5 katika jarida la PNAS, ikiwa na majina matatu: Sanger, Nicklen, Coulson. Wazo lake linaweza kuelezwa hata jikoni. Unamwachia kimeng'enya kiitwacho polimerasi anakili DNA ndani ya mirija minne. Katika kila mrija unatia kiasi kidogo cha nukleotidi bandia ya herufi moja tu kati ya nne, aina ya dideoksi, isiyo na kile kishikizo ambacho nukleotidi inayofuata hujishikizia. Mnyororo ukiidaka hiyo, basi, umefika mwisho. Kwa kuwa minyororo huidaka mahali mbalimbali, mrija wa herufi A unabaki na vipande vya kila urefu vinavyoishia kwenye A, na vivyo hivyo kwa C, G na T. Unavipitisha vyote kwenye jeli ili vijipange kwa urefu, kisha unasoma kutoka chini kwenda juu kama anayepanda ngazi.

Njia hiyo ilikuwa ya haraka na sahihi kuliko ya 1975. Sanger aliitumia kuisahihisha kazi yake mwenyewe: mwaka 1978 phiX174 ikapata nukleotidi 5,386, idadi inayotumika hadi leo. Alijirudi hadharani mwaka mmoja tu baada ya ushindi, na bado wengi wanaoitaja jenomu hiyo huirejelea makala ya 1977, ile yenye pungufu. (Hili lingetosha kuwa kisa chake peke yake, lakini tuendelee.)

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kizuri hiki hakikujiuza mara moja. Njia ya Maxam na Gilbert ilipendwa mwanzoni kwa sababu iliweza kuanza na DNA ya kawaida yenye nyuzi mbili, wakati ile ya Sanger ilihitaji kwanza kupata uzi mmoja pamoja na kipande kifupi cha kuanzishia nakala. Mlango ulifunguliwa na Joachim Messing, aliyemgeuza virusi M13 kuwa chombo cha kubebea kipande chochote cha DNA na kukitoa kikiwa uzi mmoja, chenye mahali palepale pa kuanzia kila mara. Kuanzia hapo maabara yoyote yenye friji na jeli iliweza kusoma jeni. Wimbi la marejeleo lilikuja miaka ya 1980 na 1990, na sehemu yake ni deni kwa Messing ambalo hesabu ya Sanger hailionyeshi.

Tuzo ya pili ya Nobel ilikuja mwaka 1980. Nusu ilikwenda kwa Paul Berg, na nusu nyingine wakagawana Sanger na Gilbert. Mwaka 1981 ikachapishwa jenomu ya mitokondria ya binadamu, mwaka 1982 ya virusi lambda yenye nukleotidi 48,502, na mwaka 1983 mzee akafunga mlango wa maabara na kwenda kulima bustani.

65,335 ni hesabu ya nini?

Oktoba 2014, jarida la Nature lilichapisha orodha ya makala 100 zilizorejelewa zaidi katika historia ya sayansi, kwa hesabu za kanzidata ya Web of Science. Makala ile ya kurasa 5 ilikuwa ya nne, na marejeleo 65,335. Ili kuingia tu kwenye orodha, makala ilihitaji kurejelewa zaidi ya mara 12,119.

Mtu anaweza kufungia faili hapo: la nne duniani, mjadala umekwisha. Lakini tazama majirani zake. Ya kwanza ni ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, yenye marejeleo zaidi ya 305,000, na inahusu jinsi ya kupima kiasi cha protini kwenye mrija. Ya pili ni ya Ulrich Laemmli ya 1970, ambayo watu huirejelea kwa ajili ya jeli ya kutenganisha protini. Ya tatu ni ya Marion Bradford ya 1976, nayo ni kupima protini. Lowry mwenyewe aliandika mwaka 1977 kwamba anajua fika makala yake si kubwa hivyo, ingawa moyoni hufurahia inavyopokelewa. Na makala ya Watson na Crick ya 1953, iliyoonyesha umbo la DNA, haikaribii hata kuingia katika hizo 100.

Kwa hiyo rejeleo la aina hii ni risiti. Anayesoma jeni ya mahindi au ya mbu anapofika sehemu ya mbinu huandika sentensi moja kwamba DNA ilisomwa kwa njia ya dideoksi, anaweka jina la Sanger na mwaka, anaendelea na yake. Habishani na makala hiyo, haiendelezi, na wapo ambao hawakuwahi kuifungua. Sisemi kwamba risiti haina thamani. Ukiwa nazo 65,335 umeuza kitu ambacho watu walikihitaji kweli. Ila kamati inayoisoma namba hiyo kana kwamba ni kura za wataalamu waliokaa wakapima ubora wa wazo imekosea aina ya karatasi iliyoshika.

Risiti zenyewe huacha kutolewa. Mwaka 1986, kundi la Leroy Hood na Lloyd Smith kule California lilitia rangi zinazong'aa mahali pa mionzi, na punde mashine za Applied Biosystems zikawa zinasoma zenyewe. Watafiti wakaanza kuandika jina la mashine. Baadaye hata hilo likaonekana ni kupoteza wino, na "njia ya Sanger" ikawa neno la kawaida lisilohitaji rejeleo. Mwanasosholojia Robert Merton aliieleza hali hiyo zamani: wazo likishamezwa na taaluma nzima, mwenye wazo hufutika kwenye tanbihi. Rasimu ya jenomu ya binadamu iliyochapishwa mwaka 2001 ilisomwa kwa mashine za njia hiyo, mamilioni ya vipande, na hakuna anayetoa rejeleo kwa kila kipande.

Upande wa pili wa risiti ni wale waliotangulia. Kwamba nukleotidi ya dideoksi huizuia polimerasi ilikuwa imeonyeshwa mwaka 1969 na Atkinson na wenzake, mmoja wao akiwa Arthur Kornberg. Ray Wu wa Cornell alikuwa ameshatumia polimerasi kusoma ncha za DNA ya virusi lambda, nukleotidi 12, kufikia mwaka 1971. Sanger aliwarejelea Atkinson na wenzake katika makala yake. Maelfu waliokuja nyuma wakamrejelea Sanger na kuishia hapo. Marejeleo hukusanyika kwenye kituo cha mwisho cha safari, na wenye vituo vya kati hubaki na vumbi.

Vipimo vilivyochelewa

Inafaa kuweka tarehe za vipimo kando ya tarehe za mtu. Fahirisi ya marejeleo ya Eugene Garfield ilianza kutolewa mwaka 1964, Sanger akiwa tayari ana Nobel. Tathmini ya kitaifa ya utafiti wa vyuo vikuu vya Uingereza ilianza mwaka 1986, miaka mitatu baada ya yeye kustaafu. Fahirisi ya h ya Jorge Hirsch ilitoka mwaka 2005, mzee akiwa bustanini kwa miaka 22.

Hiyo fahirisi ya h ndiyo ningependa kuigusa, kwa sababu ndiyo inayopendwa na wenye haraka. Mtafiti ana h ya 20 akiwa na makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Sasa tufanye hesabu ya mfano. Mmoja ana makala 10, kila moja imerejelewa mara 60,000. Mwingine ana makala 40, kila moja imerejelewa mara 40. Wa kwanza ana marejeleo 600,000 na h yake ni 10. Wa pili ana marejeleo 1,600 na h yake ni 40. Kipimo kilibuniwa ili makala moja iliyovuma isimbebe mtu maisha yote, na kazi hiyo kinaifanya vizuri mno: h haiwezi kamwe kuzidi idadi ya makala. Mtu mwenye tabia ya Sanger, anayekaa miaka bila kuchapisha mpaka njia ifanye kazi, amewekewa dari kabla hajaingia chumbani.

Kipimo cha athari cha jarida nacho hutazama dirisha la miaka miwili tu baada ya makala kutoka. Makala ya Desemba 1977, ambayo mavuno yake makubwa yalikuja muongo uliofuata, ingelipa jarida lake mchango mdogo wakati wa kuhesabiwa. Azimio la San Francisco, lililoanza kuandaliwa mwishoni mwa 2012, liliomba taasisi ziache kumpima mtu kwa jarida alilochapisha. Wengi wametia saini. Kutia saini ni rahisi.

Majina

Hapa ndipo faili la Sanger linaponishangaza zaidi, na ndipo sayansi ya jenomu ya leo ina la kujifunza.

Makala ya jenomu ya mitokondria ya 1981, nukleotidi 16,569, ina waandishi 14 waliopangwa kwa alfabeti. Sanger ni wa kumi. Wanaoirejelea huandika "Anderson na wenzake", na wataalamu wa uchunguzi wa jinai na wa asili za watu huuita mfuatano huo mfuatano rejea wa Cambridge. Jina la mkuu wa kundi limezama kati ya Roe na Schreier. Katika juzuu za zamani za fahirisi ya Garfield, kazi iliyorejelewa iliorodheshwa chini ya mwandishi wa kwanza pekee. Aliyemtafuta Sanger kwa jina lake humo asingeiona mojawapo ya kazi muhimu zaidi za kundi lake.

Mwaka 1979, Bart Barrell, Alan Bankier na Jacques Drouin walichapisha katika Nature kwamba mitokondria ya binadamu haifuati msimbo uleule wa jeni: UGA, kundi la herufi tatu ambalo kwingine humaanisha "simama", humo humaanisha asidi amino triptofani. Kitabu cha biolojia kilisema msimbo ni mmoja kwa viumbe vyote, na hapa palikuwa na ushahidi wa kinyume, kutoka ndani ya kundi la Sanger, ukiwa na majina matatu. La kwake halimo. Leo mkuu wa maabara huwekwa mwisho wa orodha hata kama mchango wake ulikuwa kulipia umeme, na asiyejiweka huonekana hajui kujitetea. Kwa desturi hiyo Sanger angekuwa na orodha ndefu zaidi na faili lililonona, bila kufanya jaribio hata moja la ziada.

Sasa geuza upande. Steve Nicklen, jina la katikati katika makala ya Desemba 1977, anabeba marejeleo yaleyale 65,335. Kanzidata haijui kupunguza. Tuzo ya 1980 nayo haikumgusa yeye wala Coulson, maana Nobel moja haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu. Vipimo viwili, kimoja kinawapa wote sawasawa, kingine kinampa mmoja tu kati ya waandishi hao watatu, na hakuna hata kimoja kinachosema nani alifanya nini. Katika miradi ya jenomu ya siku hizi, yenye waandishi mamia, tatizo hilo limekua mpaka hesabu ya marejeleo ya mtu mmoja inaweza kuwa kivuli cha mradi aliopita karibu nao.

Kisha kuna ambao hawamo kabisa kwenye hesabu. Rodney Porter, mwanafunzi wake wa kwanza wa uzamivu, alipata Nobel mwaka 1972. Elizabeth Blackburn, aliyefanya uzamivu wake katika kundi hilohilo akisoma vipande vya phiX174, alipata yake mwaka 2009. Milstein, ambaye Sanger ndiye aliyemshauri ahame kwenye vimeng'enya na kuingia kwenye kingamwili, aliipata mwaka 1984. Ushauri wa namna ile hutolewa kwenye korido na haurejelewi popote.

Alichosema Brenner, na ninapoachana naye

Sanger alifariki tarehe 19 Novemba 2013. Sydney Brenner, aliyekuwa jirani yake katika maabara hiyo kwa miaka mingi, aliandika katika jarida la Science kwamba mtu kama Fred Sanger asingeweza kusalimika katika ulimwengu wa sayansi wa sasa. Kamati ingeona, alisema, kwamba hakuchapisha la maana kati ya insulini mwaka 1952 na RNA mwaka 1967, kisha pengo jingine refu hadi 1977. Angeitwa mzembe wa uzalishaji na kunyimwa hata kile kidogo alichokuwa akipewa.

Maneno hayo yamerudiwa sana, na nadhani yamerudiwa bila kuchunguzwa. Brenner ameruka mwaka 1958. Mtu mwenye Nobel akiwa na miaka 40 hafukuzwi kwa kuchelewa kuchapisha, si wakati ule wala leo. Taasisi zingegombania kuweka picha yake kwenye tovuti. Mapengo yenyewe hayakuwa matupu kiasi hicho. Kazi ya 1961 na ya 1965 zipo, na ile ya 1975 ndiyo ngazi aliyoipanda kufika 1977. Anayehatarishwa na kamati za leo siye Sanger wa miaka 50. Ni Sanger wa miaka 29, aliyeshika protini moja kwa miaka kadhaa akiwa hana uhakika kama protini ina mfuatano maalumu hata kidogo. Huyo aliokolewa na nini? Kwanza mali ya wazazi, ndiyo maana niliomba iwekwe pembeni. Kisha ufadhili wa Beit tangu 1944, na tangu 1951 mshahara wa Baraza la Utafiti wa Tiba, kazi ya kudumu ambayo haikumtaka aandike ombi jipya kila baada ya miaka mitatu. Wanaoililia zama ile kama zama ya hekima hawataji urithi. Kijana mwenye akili kama yake lakini asiye na baba daktari angeweza kukwama mwaka 1940, kabla kamati yoyote haijamfikia.

Ningekuwa mjumbe mbele ya faili la 1976 ningeuliza jambo moja ambalo takwimu hazijibu: nionyesheni filamu. Kama herufi zinasomeka leo kuliko zilivyosomeka mwaka jana, mpeni muda. Hilo linahitaji mjumbe anayejua kusoma filamu, na wajumbe wa namna hiyo ni ghali, tena wana kazi zao. Ndiyo sababu ya kweli ya karatasi zile mbili kupendwa.

Na phiX174 hajastaafu. Mashine za Illumina zinazosoma jenomu leo mara nyingi hutiliwa kiasi kidogo cha DNA ya virusi huyohuyo pamoja na sampuli, kwa sababu kila herufi yake, zote 5,386, inajulikana, na mashine ikikosea kuzisoma fundi anaona papo hapo. Kichupa kina namba ya bidhaa ya kampuni. Ndiyo namba inayoandikwa kwenye sehemu ya mbinu, pale inapoandikwa.